Heri boma ninalolijua kuliko jiko jipya la Uingereza

Wabongo tunaohamia Uingereza na familia, tukianza kutafuta nyumba ya kununua, karibu wote tunakimbilia iliyokwisha karabatiwa. Naelewa kwa nini. Mtu ametua na watoto, kazi ni ya zamu, shule imeshafunguliwa, hana shangazi wa kumwachia mtoto wala fundi anayemfahamu, na ujira wa fundi wa huku kwa siku moja unatia kizunguzungu. Akifunguliwa mlango akakuta makabati mapya ya jikoni, kuta za kijivu na taa ndogo ndogo darini, moyo unatulia. Anaona hapa ni kuhamia tu. Mimi nasema hapo ndipo pa kushika mfuko.

Kwetu nyumba tunaijua ikiwa uchi. Unanunua kiwanja, mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, unamwaga msingi, hela inakata. Boma linanyeshewa masika hata vuli, ukipata unapaua, unahamia chumba kimoja chenye dirisha huku vingine vimezibwa kwa mabati. Tukishafika Ulaya tunaucheka sana ujenzi huo. Lakini mwenye nyumba ile anajua aligombana na fundi kuhusu mifuko mingapi ya saruji, anajua nguzo ya kona ina nondo gani, na anajua ukuta wa choo ulijengwa kwa haraka. Chumvi ikianza kuula, hashangai.

Huku unakabidhiwa nyumba iliyokwisha funikwa. Mijini nyingi ni za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zimeungana ukuta kwa ukuta, za tofali zilizoshikana bila ule uwazi katikati ambao ulikuja kuzoeleka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zilijengwa kwa chokaa, ili ukuta ukinyonya unyevu uweze pia kuutoa. Sasa anatokea mfanyabiashara, ananunua nyumba chakavu, anapiga saruji nje na jipsamu ndani, anaziba matundu ya hewa, anapaka rangi na kuirudisha sokoni. Ukienda kuiangalia mwezi wa Juni haina neno. Ngoja ifike Novemba, madirisha yamefungwa, nguo za watoto zinakaukia ndani, ndipo utaona ukungu mweusi nyuma ya kabati la chumbani.

Na kuna yale ambayo hata Novemba haiyaonyeshi. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999, kwa hiyo nyumba yoyote ya kabla ya hapo inaweza kuwa nayo, hata kwenye dari za nakshi zilizopendwa zamani, ambazo siku hizi hufunikwa kwa plasta laini bila mtu kuzipima. Umeme ni vivyo hivyo: soketi mpya kabisa, waya za tangu enzi.

Kuna nyumba moja niliyokwenda kuiangalia, sebule imefunguliwa moja kwa moja hadi jikoni, pana, inapendeza. Nyumba za aina ile zilikuwa na meko karibu kila chumba, na dohani yake ya tofali hupanda ukutani tangu chini hadi juu ya paa. Pale sebuleni meko na tofali zake vilikuwa vimeondolewa, ukuta umenyooka. Nikapanda chumba cha juu yake. Dohani ipo, imetokeza chumbani upana wa kitanda, tofali tupu kutoka sakafuni hadi darini. Nikamwuliza dalali tofali zote zile zimebebwa na nini. Akasema ataulizia, kisha akanionyesha oveni kwa mara ya pili.

Kazi ya kubomoa namna ile inatakiwa ikaguliwe kwa kanuni za ujenzi, halafu kitolewe cheti cha ukamilishaji. Muuzaji hakuwa nacho. Akajitolea kulipia bima badala yake, jambo la kawaida sana huku, na mawakili wengi hulipokea bila kukunja uso. Bima hiyo inakulinda halmashauri ikija kukudai kwa sababu kazi haikuidhinishwa. Tofali zikishuka kwa sababu hazikuwekewa chuma, hiyo ni habari nyingine. Sikuinunua, na ndugu zangu wawili watatu waliniona nina maringo.

Kwenye karatasi, hata hivyo, Waingereza wametuacha mbali, nawapa haki yao. Bei ambazo nyumba ziliuzwa tangu 1995 ziko wazi kwenye kumbukumbu za ofisi ya ardhi, unazisoma bure ukiwa kitandani. Ukiona muuzaji aliinunua mwaka jana, toa hesabu: ongezeko hili ni la paa na mabomba, au ni la vigae na rangi? Maombi ya vibali vya kupanua nyumba nayo yako kwenye tovuti ya halmashauri. Kwetu ungemtegemea dalali na maneno ya baraza la kahawa. Ila karatasi za huku zinamsaidia anayezitafuta. Sheria inamwachia mnunuzi kazi ya kuchunguza. Mthamini anayetumwa na benki anaangalia usalama wa mkopo, hakagui kwa niaba yako, na ziara yake mara nyingine haimfikishi hata mlangoni. Mkaguzi wa kwako unamlipa mwenyewe, na kwa nyumba kuukuu mwitie ukaguzi mpana kabisa, ule wa daraja la 3. Maadamu wewe na muuzaji hamjabadilishana mikataba iliyosainiwa, unaweza kujitoa, au kurudi na ripoti mkononi mkapatana bei upya.

Halafu hizi sebule zilizounganishwa na jiko! Anayezisifu hajakaanga vitunguu vya pilau la watu kumi mwezi wa Januari. Makoti yote ya ukumbini yananukia bizari wiki nzima. Kwetu kuna jiko la nje kwa sababu zake.

Mimi ningechukua nyumba yenye jiko la miaka ya 80, zulia baya na choo cha rangi ya parachichi, mradi paa liwe zima na kuta ziwe kavu. Rangi nitapaka polepole, chumba kwa chumba, mtindo tunaoujua toka nyumbani.

La mwisho ni ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, na hili linatuhusu sisi kuliko wenyeji. England inahesabu nyumba zako popote duniani. Kama uliwahi kumiliki nyumba, iwe Mbezi au Mwanza, ule unafuu wa mnunuzi wa mara ya kwanza huupati. Kama bado unayo na thamani yake inafika pauni 40,000, huku ukinunua nyingine, kwa kawaida unaongezewa asilimia 5 ya bei, na ya mume na mke huhesabiwa pamoja. Ambaye hajakaa Uingereza siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua huongezewa asilimia 2 zaidi. Wengi wanalisikia hili wakiwa wameshalipa mkaguzi na wameshawaahidi watoto vyumba. Mwambie wakili siku ya kwanza kuhusu ile nyumba ya nyumbani, pamoja na boma ambalo halijapauliwa, na umweleze jina lililo kwenye hati ni la nani na hela iliyojenga ilikuwa ya nani.