Nani wa Kumsimamisha Nyota? Mpiga Kinanda Akitafakari Kifo cha Michael Jackson

Michael Jackson alifariki dunia mjini Los Angeles tarehe 25 Juni 2009 akiwa na umri wa miaka 50, zikiwa zimebaki siku 18 tu aanze mfululizo wa maonyesho 50 katika ukumbi wa O2 jijini London. Hadi leo, jina lake likitajwa nyuma ya jukwaa wakati tunasubiri mafundi mitambo wamalize kufunga vyombo, mazungumzo yetu wanamuziki huishia kwenye swali moja: wale waliokuwa naye mazoezini, kwa nini hawakumsimamisha? Mashabiki hulijibu kwa hasira na kuwatia hatiani wote waliomzunguka, ilhali watu wa fani hulijibu kwa mkato kwamba mtu mzima hachungwi. Mimi ni mpiga kinanda, na naona majibu yote mawili yanaruka jambo lililo katikati ya kazi yetu.

Sheria ilimaliza sehemu yake. Daktari wake binafsi, Conrad Murray, aliyekuwa akimpa nyumbani propofoli, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, ili apate kulala, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwezi Novemba 2011 na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne. Mwaka 2013 mama mzazi wa marehemu alishindwa kesi dhidi ya waandaaji, kampuni ya AEG Live, baada ya jopo kukubali kwamba kampuni ilimwajiri daktari huyo lakini likakataa kusema kwamba hakufaa kwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kwa swali lililoulizwa, jibu hilo linaeleweka. Swali lenyewe ndilo lililokuwa jembamba.

Ushahidi uliotolewa mahakamani unasema mengi zaidi ya hukumu. Tarehe 19 Juni Jackson alifika mazoezini akitetemeka kwa baridi na kusema mambo yasiyoshikana, hata mwongozaji wa onyesho, Kenny Ortega, akamlisha, akamfunika mablanketi na kumkanda miguu, kisha akarudishwa nyumbani. Ortega alimwandikia mkuu wa kampuni, Randy Phillips, barua pepe ya kueleza hofu yake. Jibu alilopewa ndilo ninalolirejea kila mara: kwamba daktari ni mtu aliyefanikiwa sana, haihitaji kazi hiyo, na kwa hiyo hana upendeleo wowote. Baadaye ilibainika kwamba Murray alikuwa amezama kwenye madeni, na kwamba malipo yaliyokubaliwa yalikuwa dola 150,000 kwa mwezi, fedha ambazo zingepotea maonyesho yakifutwa.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaomlaumu kila aliyekuwepo ukumbini. Siku mbili za mwisho Jackson alirudi mazoezini akiwa na nguvu, na waliomwona wakapumua. Isitoshe, mazoezini mwimbaji mkuu huimba kwa nusu sauti ili asichoshe koo, kwa hiyo dalili za kuugua na dalili za kujitunza hufanana mno. Na sisi wapigaji ni mafundi wa kuficha udhaifu. Sauti ya mwimbaji ikikwama, tunashusha ufunguo wa wimbo nusu hatua. Pumzi ikimpungua, mpiga solo anaongezewa mizunguko, waitikiaji wanabeba kiitikio, na mpiga dramu anapunguza kasi bila kuambiwa. Hadhira haijui, na pengine mwimbaji mwenyewe hajui amesaidiwa kiasi gani. Hiyo ni heshima kwa bosi, tena ni heshima ya kweli, lakini inafuta kila ishara ambayo ingemfanya mtu aulize kama onyesho liendelee. Anayetaka wapigaji hao wawe walinzi wa afya ya mwajiri wao anasahau wanalipwa kwa ajili gani.

Kifo cha Prince, mwanamuziki nyota wa Marekani, kinazidi kuutatiza mjadala. Tarehe 15 Aprili 2016, akirudi kutoka kwenye maonyesho ya Atlanta, ndege yake ililazimika kutua Moline, Illinois, kwa sababu alikuwa amepoteza fahamu kwa dawa za maumivu. Watu wake hawakukaa kimya: walimtafuta daktari wa uraibu aliyeko California, naye akamtuma mwanawe, ambaye alifika Paisley Park, makazi na studio ya Prince, tarehe 21 asubuhi, wakati uleule Prince alipokutwa amekufa ndani ya lifti.

Ninakoelemea ni kwamba tumekuwa tukidai ujasiri mahali palipohitaji mpangilio mwingine wa malipo. Katika ndondi, daktari aliye kando ya ulingo anaweza kusababisha pambano lisimame hata kama bondia anataka kuendelea. Jackson hakuwa na mtu wa namna hiyo, kwa kuwa daktari, mwongozaji, wapigaji na promota wote walikuwa wakila kwenye ziara ileile.

Hoja ya upande wa pili si nyepesi. Mwili ni wa msanii, na wapo wengi waliopanda jukwaani wagonjwa kwa hiari yao. Papa Wemba, mwimbaji nyota wa Kongo, alipoanguka na kufa akiimba mjini Abidjan, siku tatu tu baada ya Prince kufa, wanenguaji wakiwa bado wanacheza nyuma yake, wengi walisema amekufa kifo kinachomfaa mwanamuziki. Naielewa kauli hiyo, ingawa huwa naona inawafaa mapromota kuliko wajane. Tena huku kwenye bendi zetu za hotelini, ambako asiyepanda jukwaani halipwi, daktari wa kusimamisha onyesho angeonekana adui wa mkate wa watu kumi.

Kumwachia jukumu hilo daktari wa kampuni ya bima hakusaidii, maana bima ndiyo hulipa onyesho likifutwa. Linabaki pendekezo la chama cha wanamuziki: kikate sehemu ndogo ya mikataba mikubwa, kimlipe daktari, na kiwafidie wapigaji onyesho linapozuiwa. Msanii angesaini ruhusa ya kuzuiwa miezi kadhaa kabla ya ziara, akiwa mzima na akili yake imetulia, ili hiari yake isivunjwe. Bila shaka wapo nyota ambao wangekataa kusaini, lakini kwa hao promota asingeweza tena kumwandikia mtu kwamba daktari aliyepo hana upendeleo.