Jenereta ya kubeba haifai kufungwa ndani ya gari la kulala

Naomba niliseme hili mapema: jenereta ya kubeba, ile yenye mpini ambayo watu hununua kwa ajili ya duka au sherehe, haifai kufungwa ndani ya gari ambalo watu watalala. Haifai hata ukitoboa bodi ubavuni, haifai hata ukirefusha bomba la moshi, na haifai hata fundi akikuapia kwamba ameshawafungia wengi na hakuna aliyelalamika.

Magari ya kulala yanazidi kuonekana barabarani kwetu. Kuna Land Cruiser zenye hema juu ya paa zinazokodishwa Arusha na Nairobi kwa wageni wanaojiendesha wenyewe, na kuna Hiace na Coaster zilizogeuzwa vyumba vyenye kitanda, jiko na friji. Kila mwenye gari la namna hiyo, siku moja atataka umeme zaidi. Hapo ndipo jenereta inapoingizwa kwenye buti.

Mimi kazi yangu ni umeme wa magari. Niliwahi kuletewa Hiace ya namna hiyo ili nitafute kwa nini friji inakatakata. Nilipofungua mlango wa nyuma, habari ya friji ikaisha. Jenereta ya petroli ilikuwa imekaa kwenye kabati la mbao chini ya kitanda, imefungwa kwa mikanda. Mdomo wa silensa ulikuwa umevalishwa kipande cha mpira wa rejeta, kikabanwa kwa klipu na kupitishwa kwenye tundu la sakafu. Mpira ule ulikuwa umeungua kwa ndani. Ukiukunja kidogo unaona mipasuko. Kwenye ubao wa juu yake palikuwa na doa la masizi ukubwa wa kiganja. Masizi yale yalionyesha kwamba moshi ulikuwa unatoka kabla haujafika nje. Juu ya ubao kuna godoro, na juu ya godoro walikuwa wakilala baba, mama na mtoto.

Kwetu hakuna asiyejua habari za jiko la mkaa. Watu wanalala nalo ndani kwa sababu ya baridi, madirisha yamefungwa, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Kinachoua pale ni kaboni monoksidi, na gesi hiyohiyo imo kwa wingi kwenye moshi wa injini ya petroli. Haina rangi wala harufu. Ile harufu unayoisikia kwenye moshi ni ya vitu vingine, kwa hiyo kutosikia harufu hakumaanishi kwamba uko salama. Damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, ndiyo maana kiasi kidogo kinachovuja usiku kucha kinatosha kuua. Marekani, ambako magari haya ni jambo la kawaida kabisa, tume ya usalama wa bidhaa inaeleza kwamba moshi wa jenereta za kubeba huua watu wapatao 100 kila mwaka. Ushauri wake ni kwamba jenereta hizo zikae nje, umbali wa angalau futi 20 kutoka kwenye nyumba, yaani mita 6 hivi. Sasa pima umbali kati ya buti na mto wa kulalia.

Dalili zake nazo zinapoteza watu. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, mwili unalegea. Mtu akiamka hivyo hapa kwetu atasema ni malaria, na akiwa ukingoni mwa Ngorongoro atasema ni mwinuko. Waongozaji wa Kilimanjaro wanatembea na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, nao wanapaswa kulijua hili vizuri: kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 97 huku mtu anaelekea kufa. Ukiona watu wa gari moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, watoe wote nje wapate hewa safi, zima injini, uwapeleke hospitali wapewe oksijeni, hata kama kifaa kinasema wako vizuri.

Wenye mahema ya juu ya paa wasidhani hayawahusu. Moshi wa jenereta ni wa moto, na hupanda. Jenereta ikiachwa inanguruma nyuma ya gari, pale karibu na ngazi, hema liko juu yake moja kwa moja na sakafu ya hema ina zipu na mianya. Kwenye kambi zinazojaa, kama ile ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, magari yanaegeshwa karibukaribu, baridi ni kali na kila mtu amefunga madirisha ya hema lake. Upepo ukigeuka, moshi wa jirani unakuwa wako.

Jenereta ya kufunga kwenye gari ni mashine nyingine kabisa, na bei yake ni nyingine pia. Inaundwa tangu kiwandani ipumulie nje ya gari: hewa ya kupoza inaingia kutoka nje na kurudi nje, haipiti popote watu wanapokaa. Chumba chake ni cha mabati, kimezibwa kabisa upande wa ndani, na mlango wake unafunguka kwa nje tu. Kila waya na kila mpira unaopita ukutani umezungushiwa muhuri usiopitisha moshi. Bomba la moshi ni la chuma mwanzo hadi mwisho, limeshikwa kwa hanga, na linatokeza kidogo nje ya ukingo wa bodi, mbali na dirisha na mlango. Bomba likiishia chini ya sakafu, gari likiwa limesimama moshi unatanda pale chini na kupanda kupitia kila upenyo. Mashine yenyewe inafungwa kwenye chesi au fremu ya chuma kwa bolti, juu ya raba za kupunguza mtetemo. Barabara zetu za makorongo zitailegeza tu, kwa hiyo bolti na bomba vikaguliwe kila baada ya safari.

Halafu kuna mafuta. Land Cruiser nyingi za safari zinatumia injini ya dizeli, na jenereta za kubeba nyingi ni za petroli. Maana yake unaingiza galoni la petroli kwenye gari lenye jiko la gesi na watu waliolala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajikusanya chini, na cheche moja ya swichi inatosha. Ukifunga jenereta ya kweli kwenye gari la petroli, mafuta yavutwe kwenye tenki la gari kwa mrija wake maalumu, mfupi kuliko ule wa injini. Hivyo jenereta itazima yenyewe mafuta yakipungua, na wewe utabaki na ya kukutoa porini.

Kwenye umeme, kosa ninalokutana nalo sana ni la nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Jenereta nyingi za kubeba nyutro yake inaelea, haijaungwa na fremu. Fundi anaweka breka ya kukinga mshtuko, ile ya miliampia 30, anabonyeza kitufe cha kujaribia, inakata, anaridhika na kuchukua hela yake. Lakini kitufe kile kinajaribu breka yenyewe tu. Nyutro ikielea, umeme ukigusa bodi hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, breka haioni tofauti yoyote kati ya umeme unaotoka na unaorudi, na haikati. Nyutro iungwe na fremu ya jenereta, fremu iungwe na chesi, na swichi ya kubadili chanzo ikate laini (waya unaoleta umeme) na nyutro kwa pamoja, ili ukichomeka umeme wa kambini ule muungano wa jenereta uwe nje ya mzunguko. Na ule waya wenye plagi ya kuchomeka pande zote mbili, ukiukuta kwenye gari, ukate vipande na kuutupa. Upande mmoja ukiwa kwenye umeme, vyuma vya upande wa pili viko wazi na vinaua.

Magari ya kulala yaliyoagizwa kutoka Japani yana jambo lao: soketi zake ni za volti 100. Usiyaunganishe na volti 230 kabla fundi hajaukagua mfumo wote.

Lakini swali ambalo wengi hawajiulizi ni kama wanaihitaji hiyo jenereta. Injini ya jenereta hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300, kwa hiyo robo ya nguvu uliyoilipia haipo. Na huko juu nani anahitaji kiyoyozi? Friji ya volti 12, taa, simu na kamera vyote vinaendeshwa na betri ya lithiamu ya ampia-saa 100, sola ya paa, na chaji ya alteneta mnapokuwa njiani. Gari la safari linatembea karibu kila siku, betri inajaa yenyewe likitembea. Wateja wanaokuja kwangu na wazo la jenereta nawaandikia kwanza vitu watakavyowasha na saa watakazoviwasha, na mara nyingi hesabu inaishia kwenye sola. Anayetaka kiyoyozi kambini Bagamoyo au Diani, huyo tunazungumza naye habari ya jenereta ya kufunga, na bei yake aisikie akiwa amekaa.

Kengele ya kaboni monoksidi haina mjadala, uwe na jenereta au usiwe nayo, kwa sababu moshi wa jirani hauombi ruhusa. Angalia kwenye boksi kama imeandikwa EN 50291-2, ambacho ndicho kiwango cha Ulaya kwa magari ya kulala na boti. Kengele ya kiwango hicho inalia ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni ya hewa, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa sehemu 50. Iwekwe karibu na wanapolala watu, ijaribiwe kabla ya kila safari, na ibadilishwe muda wake wa matumizi ukiisha. Wenye kampuni za kukodisha, nawaomba sana: moja ndani ya gari, moja ndani ya hema, na zote mbili ziandikwe kwenye fomu ya kukabidhi gari pamoja na jeki na tairi la akiba.