Kungumanga, manowari na wenyewe waliosahauliwa

Ukipasua tunda bichi la kungumanga unakuta kokwa jeusi linang'aa, limevishwa basibasi nyekundu kama wavu, ukiikausha inafifia inakuwa rangi ya machungwa hivi, na harufu yake ukishaizoea biriani bila hiyo unaiona ina upungufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 kungumanga ilikuwa inatoka sehemu moja tu duniani, visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, na Waholanzi na Waingereza walitoana roho kwa ajili yake.

Sasa kinachoniuma mimi ni vile stori hii inavyosimuliwa. Utaambiwa tu kwamba mwaka 1667, kwenye mkataba wa Breda, wa kumaliza vita yao, Waingereza waliwaachia Waholanzi kisiwa cha Run, kimojawapo cha Banda, kisiwa chenyewe urefu kama kilomita 3 tu, wao wakabaki na New Amsterdam ambayo leo ndo New York, alafu watu wanaanza kubishana nani alipata na nani alipigwa. Na wenye kisiwa je?

Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa VOC, ile kampuni ya biashara ya Waholanzi, alitua Banda na meli za kivita na askari, wakiwemo mamluki wa Kijapani. Kosa la Wabanda? Walikuwa wanaendelea kuwauzia Waingereza na Wajava na yeyote aliyekuja na bei nzuri, wakati Waholanzi wanataka wauziwe wao peke yao na bei wapange wao. Wazee zaidi ya 40 wa visiwa hivyo waliuawa kwa panga na hao mamluki, wengine wakafa njaa milimani, wengine wakasombwa kupelekwa Batavia, Jakarta ya leo, utumwani. Inakadiriwa walikuwa watu kama 15,000, wakabaki 1,000 hivi. Mashamba yao yakagawiwa Wazungu, kazi wakafanyishwa watumwa walioletwa kutoka kwingine.

Huko Ulaya wanakumbuka manowari. Mwaka 1651 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mzigo uingie kwa meli za Kiingereza au za nchi ulikotoka, yani ilikuwa ni kuwanyang'anya Waholanzi biashara ya kubeba mizigo ya watu, wakapigana vita mara 3 mpaka 1674. Juni 1667 Waholanzi waliingia mpaka mto Medway, Uingereza, wakachoma meli na kuivuta manowari ya Kiingereza Royal Charles hadi kwao, na ile nembo ya kwenye tezi, yani nyuma ya meli, ipo makumbusho Amsterdam mpaka leo, watu wanaenda kuiangalia.

Coen nae ana sanamu pale Hoorn, Uholanzi, imesimama tangu 1893.

Wabanda waliowahi kukimbia kwa mashua walifika visiwa vya Kei, hukohuko Indonesia, na huko kuna kijiji kinaitwa Banda Eli, wajukuu zao wapo, na lugha ya Kibanda ambayo Banda kwenyewe ilishapotea bado inaongewa pale.