Paka wangu bado anapiga chafya, ila unga nimeacha kununua

Usiku namsikia Kijivu kabla sijamwona. Anavuta pumzi kwa sauti ya mtu anayefyonza tone la mwisho kwenye mrija, kisha kimya kidogo, kisha chafya: saba, nane, mara nyingine kumi mfululizo. Asubuhi nazunguka na kitambaa chenye maji nikifuta madoa ya kamasi ukutani, maana yeye hajui kugeuza uso. Ana miaka sita sasa, na mafua haya anayo tangu akiwa mtoto wa kuokotwa.

Kwa muda mrefu kabati langu lilikuwa na makopo matatu kwa ajili yake: unga wa lisini (kimoja cha viini vinavyojenga protini, huuzwa kama kirutubisho), vidonge vya "kuimarisha kinga", na chupa ya matone ya mitishamba ambayo lebo yake iliahidi mengi bila kusema ndani mna nini. Yote nimeacha. Najua nitawaudhi wengine, maana ukitaja paka mwenye mafua sugu mbele ya watu wanaofuga, neno la kwanza utakaloambiwa ni lisini.

Tuanze na pua yenyewe. Paka wengi wa namna hii waliambukizwa virusi vya hepesi vya paka wakiwa wadogo, au kalisivirusi, virusi vingine vya mafua ya paka, au vyote viwili. Hepesi haiondoki mwilini. Homa ya kwanza ikiisha, virusi vinakwenda kujificha kwenye neva za uso na kukaa humo maisha yote, vikisubiri paka apate msukosuko au apewe dawa za steroidi ndipo viamke. Lakini kinachomtesa Kijivu kila siku nadhani si virusi tena, bali uharibifu vilioacha. Ndani ya pua ya paka kuna vifupa vyembamba kama karatasi, vimejikunja kunja, na kazi yake ni kupasha hewa joto na kunasa uchafu. Maambukizi makali ya utotoni yanaweza kuvila. Pua ikishapoteza vifupa hivyo, kamasi inatuama, bakteria wanahamia, na mafua yanakuwa ya kudumu. Ndiyo maana antibaiotiki humpa nafuu, kisha zikiisha tunarudi tulikotoka. Na hakuna unga wa kurudisha mfupa uliokwisha kuliwa.

Lisini ilikuja na hoja nzuri, sikatai. Hepesi huhitaji arginini, kiini kingine cha protini, ili izaliane, na lisini hushindana na arginini. Kwa hiyo ukimjaza paka lisini, virusi vitakosa chakula. Kwenye vyombo vya maabara, pale arginini ilipopunguzwa sana, jambo hilo lilionekana. Shida ni kwamba paka si chombo cha maabara. Tangu 1978 inajulikana kwamba mlo mmoja tu usio na arginini unatosha kumjaza paka amonia kwenye damu ndani ya saa chache, hadi atapike na kulegea. Yaani kama lisini ingefanya kazi kwa njia inayodaiwa, ingekuwa sumu! Bahati nzuri haiishushi arginini ya paka kiasi hicho, na ndiyo hiyo hiyo sababu haina cha kuvifanya virusi. Mwaka 2015 Sebastiaan Bol na Evelien Bunnik walikusanya tafiti zilizokuwapo, wakazichambua katika jarida la BMC Veterinary Research, na hawakumumunya maneno: lisini haizuii wala haitibu hepesi ya paka, na watu waache kuitoa. Baadhi ya tafiti zilizofanyika kwenye vituo vya kutunzia paka wasio na mwenyewe zilikuta waliopewa lisini wakiugua zaidi ya wenzao.

"Lakini wangu alipona!" Wangu pia alipona, mara nne au tano. Hepesi ikiamka huchukua wiki moja mpaka tatu, kisha inalala yenyewe. Sasa jiulize unanunua kopo siku gani. Hununui siku paka anacheza na kamba. Unanunua siku macho yamefumba na pua imeziba kabisa, yaani pale ugonjwa ulipofika kileleni. Baada ya hapo njia iliyobaki ni ya kuteremka tu, hata ungempaka unga wa sembe kwenye mkia. Mimi nilihesabu kila mteremko kuwa ushindi wa kopo, na kila mlipuko mpya nikaulaumu mkono wangu kwa kusahau dozi.

Kilichonitoa huko hakikuwa utafiti, kilikuwa sahani. Paka hula kwa pua. Asiponusa chakula, kwake hicho si chakula. Mimi nami, siku ambazo pua yake ilikuwa imeziba, siku hasa ambazo alihitaji kushawishiwa ale, ndizo nilizokuwa nikimwagia unga juu ya chakula. Alikuwa anakuja, anainamisha kichwa, anasimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata, anaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kuliziba, na huo ni ugonjwa unaoua. Nilikuwa natibu chafya kwa kumkosesha chakula. Siku niliyoacha unga na kupasha chakula joto kidogo hadi kikanukia, alikula akiwa amesimama, hakunisubiri niweke sahani chini.

Kuhusu vingine sina ugomvi sawa kwa vyote. Mafuta ya samaki na bakteria wazuri wa tumbo havina ubaya vikitolewa kwa kiasi, ila sijaona pua iliyozibuliwa navyo. Vitamini C paka anajitengenezea mwenyewe. Vitamini D ikizidi ni sumu. Kitunguu saumu, ambacho watu hukisifia kwa kinga, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mafuta ya mikaratusi na ya mti wa chai, yale ya kufukizia au kupaka kifuani, msimkaribishie: ini la paka halina uwezo wa kuvunja vitu vingi ambavyo letu linavimudu. Na kabati lako la dawa lifungwe. Parasetamoli inaua paka. Dawa za binadamu za kuzibua pua ni hatari kwake.

Ninachofanya siku hizi ni kidogo na hakina lebo. Nafungulia maji ya moto bafuni, tunakaa ndani mlango umefungwa kama dakika 15, yeye juu ya kikapu cha nguo, mimi na simu. Naweka tone la maji ya chumvi yale safi ya dukani puani, analalamika, anapiga chafya, kamasi inatoka. Namfuta kwa pamba yenye maji vuguvugu. Mchanga wa choo chake nimebadilisha, nimechukua usio na vumbi, na hakuna anayevuta sigara ndani. Nimeanza pia kuandika kwenye kalenda, na hapo ndipo nilipoona kitu: mlipuko huja kama wiki moja baada ya wageni kulala kwetu au samani kuhamishwa. Sasa ana chumba chake cha kujificha wageni wakija. Hilo peke yake limempunguzia siku mbaya kuliko makopo yote matatu.

Lakini hata haya yasikucheleweshe kwenda kwa daktari wa mifugo, maana chafya sugu si lazima iwe hepesi. Kamasi ikitoka tundu moja tu, ikiwa na damu, uso ukivimba upande mmoja, kunaweza kuwa na mzizi wa jino uliooza, jani la nyasi lililokwama, kinyama kilichoota nyuma ya koo, ukungu, au uvimbe wa saratani. Hakuna kati ya hivyo kinachosubiri kopo liishe. Na ikiwa ni hepesi kweli, ipo dawa ya virusi, famsiklovia, ambayo daktari anaweza kumwandikia. Ndugu yake asiklovia ya vidonge ni sumu kwa paka, kwa hiyo usijipimie mwenyewe. Paka anayepumua kwa mdomo wazi apelekwe siku hiyo hiyo.

Kopo la lisini bado lipo kabatini. Ndani yake sasa naweka pamba na kitonesheo. Juzi Kijivu alilinusa kwa makini, akalipigia chafya tatu, akaenda kulala.