Vifo vya watoto Rufiji na nafasi ya simulizi katika utafiti wa afya

Watafiti wanaochunguza kwa nini dawa au chandarua kinachojulikana kufaa hakimfikii anayekihitaji, siku hizi hutakiwa pia kusimulia kazi yao imebadili nini katika maisha ya watu. Wapo wanasayansi wanaolipokea takwa hilo kwa mashaka, na mashaka yao yana msingi. Ni haki kuyapima kwa mfano uliosimuliwa kuliko mingine nchini Tanzania, ule wa Rufiji.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya na IDRC, shirika la Kanada linalofadhili utafiti wa maendeleo, ziliwapa viongozi wa afya wa wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini michoro myepesi iliyolinganisha maradhi yanayoua na mafungu ya bajeti. Huko Morogoro malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa vifo vya mapema, ilhali ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Mafungu yakapangwa upya, kwa nyongeza ya takriban senti 80 za Marekani kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 2002 jarida moja la London likaandika kwamba vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja Rufiji vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila 1000 waliozaliwa hai, kati ya 1999 na 2000, na habari hiyo ikaenea duniani.

Wenye mashaka huanzia hapo. Mwaka mmoja katika wilaya moja ni kipimo chembamba, hasa pale ambapo vifo vya watoto vilikuwa vikipungua nchi nzima: takwimu za taifa za walio chini ya miaka mitano zilitoka 147 kwa kila 1000 mwaka 1999 hadi 112 katika utafiti wa 2004-05. Tena Rufiji na Morogoro Vijijini zilipolinganishwa na wilaya za Kilombero na Ulanga, ili kupima mpango wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmoja mmoja, vifo vilikuwa chini kwa asilimia 13 tu, na makadirio hayo yangeweza hata kugusa sifuri kutegemea njia ya kukokotoa. Mfadhili naye hupenda mradi uliofaulu, kwa hiyo uliokwama haupati msimulizi. Hoja hizi sina la kuzipinga, na anayeitaja ile asilimia 28, yaani kushuka kutoka 100 hadi 72, bila kuitaja 13 amemnyima msomaji haki yake.

Hata hivyo naona simulizi inahukumiwa kwa kosa ambalo ni la namba iliyotolewa peke yake. Mganga mkuu wa wilaya nyingine hawezi kuazima upungufu wa vifo wa Rufiji. Anachoweza kuazima ni namna mambo yalivyokwenda: nani alikaa na michoro ile, fungu gani lilipunguzwa ili malaria iongezewe, zahanati zilikarabatiwa kwa nguvu ya nani. Mambo hayo hayaingii kwenye jedwali, na asipoyasimulia aliyekuwapo hupotea.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kirahisi, nalo ni kwamba takwimu zenyewe za Rufiji zilitokana na masimulizi. Tangu 1998 wahoji walikuwa wakipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea msiba, mhoji alirudi baadaye kuketi na wafiwa na kuuliza homa ilianza lini, mtoto alipata degedege au la, alipelekwa wapi kwanza na wapi baadaye. Mzazi alisimulia kifo cha mwanawe kwa mtu mwenye karatasi, na kutokana na maelezo ya wengi namna hiyo likapatikana jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko asilimia yoyote iliyotajwa hapo juu.

Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba watoto wa vijijini hufa kwa malaria kwa sababu wazazi hukimbilia kwa waganga wa kienyeji, hasa degedege inapoanza. Uchambuzi wa vifo vya malaria Rufiji kati ya 1999 na 2001 ulionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya waliofariki walikuwa wametumia huduma za kisasa. Ina maana kwamba wazazi walio wengi walifanya kile walichohimizwa kukifanya, na mtoto akafariki. Ikumbukwe kwamba dawa iliyotangulizwa wakati huo ilikuwa klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Baada ya hapo, mpangaji anayejibu vifo hivyo kwa kuongeza semina za kuwaelimisha akina mama anapaswa kwanza kueleza ubora wa dawa, umbali wa zahanati na ucheleweshaji wa rufaa.

Asilimia hiyo ikiachwa kwenye jarida la kitaalamu, lawama inabaki pale pale kwa mama. Ikisimuliwa kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, au mbele ya madiwani wanaopitisha bajeti, lawama inahama. Kwa sababu hiyo naunga mkono watafiti kutakiwa kusimulia, mradi waeleze pia kilichokwama na waweke wazi upana wa makadirio yao. Diwani anaweza kabisa kuelewa kwamba asilimia 13 ni makadirio yenye shaka, akielezwa kwa lugha yake. Na wa kwanza kusomewa simulizi hiyo wawe wale wafiwa waliojibu maswali, kwa kuwa ndani yake mna habari kwamba walimpeleka mtoto walikotakiwa kumpeleka.