Nishani ya 1985 si ile ya vitani

Mtu anayeanza kukusanya nishani za Kisovieti hukutana mapema na Nishani ya Vita vya Uzalendo (ndivyo Wasovieti walivyoviita vita vyao dhidi ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili), maana imetapakaa kila mahali. Imetapakaa kwa sababu ya amri ya Machi 11, 1985, iliyowapa maveterani toleo jipya, na kwa maoni yangu amri hiyo iliiharibia hadhi.

Ilipoanzishwa Mei 20, 1942, ilikuwa nishani ya kwanza ya Kisovieti kubuniwa vita vikiendelea, na ya kwanza kuwa na madaraja. Uzuri wake ni kanuni zake. Badala ya kusifu ushujaa kwa maneno matupu, zilihesabu: anayeteketeza peke yake vifaru viwili vizito au vya kati, au vitatu vyepesi, anapata daraja la kwanza, kimoja kizito au cha kati, au viwili vyepesi, la pili. Miongoni mwa waliotangulia kutunukiwa ni Kapteni Ivan Krikliy, ambaye kikosi chake cha mizinga kiliteketeza vifaru 32 karibu na Kharkov. Tena, enzi hizo nishani nyingine zilirudishwa serikalini mwenyewe akifa. Hii ilibaki kwa familia.

Umbo lake ni nyota nyekundu ya enameli juu ya miale, bunduki na upanga vikipishana nyuma ya nyota, na katikati nyundo na mundu vya dhahabu. Daraja la kwanza lina dhahabu gramu 8 na ushei, pamoja na fedha karibu gramu 17. La pili ni fedha, na dhahabu yake ni ile ya nyundo na mundu tu, theluthi moja ya gramu. Za mwanzo zilining'inia kwenye kitambaa chekundu. Mwaka 1943 zikawekewa skrubu na nati, zikavaliwa kifua cha kulia.

Skrubu hiyo ndiyo yenye matata. Nati ikikazwa kupita kiasi, bamba hujipinda na enameli, ambayo haipindi, hupasuka kwenye ncha za nyota. Kaza kwa vidole tu, koleo iache. Wala usiing'arishe: rangi nyeusi iliyowekwa makusudi kwenye bunduki na upanga ikitoka, hairudi.

Walaghai huchovya daraja la pili dhahabu wakaliuza kama la kwanza. Chukua mizani: la kwanza la vitani lina gramu 32 hivi, la pili 28. Kagua pia namba ya nyuma kama imekwanguliwa. Ukiwa Urusi, usinunue kabisa, ni jinai.

Toleo la 1985 ni kipande kimoja cha fedha kilichopigwa muhuri, na daraja lake la kwanza limechovywa dhahabu tu. Walipewa maveterani kwa mamilioni, kuadhimisha miaka 40 ya ushindi. Walistahili heshima, hilo halina ubishi, lakini medali ya maadhimisho hayo ilianzishwa pia, mwaka huohuo.