Saratani ya ovari: kipimo cha damu kwa kila mama?

Kina mama wengi wa Kisumu waliopimwa mlango wa kizazi hurudi nyumbani wakiamini wamekaguliwa kote. Sivyo. Kipimo kile hakifiki kwenye ovari. Ndiyo maana wazo la kuwapima wote damu, kutafuta protini iitwayo CA-125 ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani hii, au kuwapiga ultrasaundi kupitia ukeni, linavutia: hakuna kisu wala kulazwa.

Wanaolitetea wana hoja. Saratani hii mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshasambaa tumboni. Uingereza iliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wa miaka 50 hadi 74, walioandikishwa kati ya 2001 na 2005. Waliopimwa damu kila mwaka waligunduliwa katika hatua ya kwanza kwa wingi kuliko wasiopimwa. Ningeishia hapo, ningesema kaunti ianze kesho.

Matokeo ya 2021 yakanizuia: vifo havikupungua. Huko Marekani, katika utafiti mwingine, upimaji uliumiza hata wazima. Wanawake 3,285 walipata majibu ya kutisha kumbe hawana saratani. 1,080 wakapasuliwa, na 163 kati yao wakapata madhara makubwa.

Kwetu kuna la ziada. CA-125 hupanda pia kwa hedhi, faibroidi na TB ya tumbo. TB hiyo hujaza maji tumboni na kumkondesha mtu, sawasawa na saratani ya ovari iliyokomaa. Katika kanda ya ziwa, ambako TB si ngeni, mama wa kumeza vidonge miezi sita anaweza kujikuta thieta.

Wenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni za BRCA, inayoongeza hatari ya saratani hii, wana mjadala wao. Hao hushauriwa kutolewa ovari na mirija ya uzazi wakishamaliza kuzaa, badala ya kutegemea vipimo.

Lakini kipimo kilekile kina maana tofauti kwa mwenye dalili. Shangazi yangu alitibiwa vidonda vya tumbo miezi minne. Alishiba kwa vijiko viwili vya ugali, akaenda haja ndogo kila mara, na sketi ikakataa kufunga huku mashavu yakibonyea. Kila zahanati ilimpa dawa ya asidi. Hakuna aliyemgusa tumbo, sembuse kumwandikia ultrasaundi. Kwake CA-125 na picha moja vingefaa, tena wiki ya tatu, si mwezi wa tano.

Kwa hiyo fedha ningezipeleka kwa wahudumu wa zahanati na kwa mtu wa kuisoma ultrasaundi hospitali ndogo, kabla ya kambi za kupima damu za wikendi moja.

Nusu ya kichwa changu bado iko kwenye mirija. Saratani nyingi za ovari zilizo kali huanzia huko, si kwenye ovari zenyewe. Mama anayekuja kufunga uzazi anaweza kutolewa mirija yote badala ya kukatwa kipande tu, kwa upasuaji uleule. Hilo mbona hatulijadili?